Shule yetu imepungua watoto?



Mwaka 2025 tulikaa na wazazi chini ya mwembe, huku Kinango, na mzee mmoja akauliza: "Mbona sekondari imebaki nusu? Watoto wamekwenda wapi?" Nasi tukaitikia tu, tukalaumu ukame na bodaboda. Baadaye tulipoketi na kuhesabu, tukaona tulikosea.

Jambo lenyewe ni hili. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na waliofaulu wakaingia Kidato cha Kwanza mwanzoni mwa 2024. Baada ya hao hakuna Kidato cha Kwanza kingine. Wenzao wa mtaala mpya walibaki kwenye shule za msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9. Basi 2025 sekondari zote za Kenya zilikuwa na madarasa matatu tu. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026, na wa mwisho wa 8-4-4 wanafanya KCSE 2027. Toka hapo sekondari ni miaka mitatu, si minne. Kwa hiyo mtu asilinganishe jumla ya sasa na ile ya zamani akasema shule imekufa.

Lakini je, hakuna wanaopotea? Wapo, tena wengi. Ila huwaoni katika jumla. Hebu mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe hesabu ya kundi moja la watoto, tangu siku walipoingia mpaka wanapofanya mtihani, wasichana mbali na wavulana mbali. Tuseme (huu ni mfano tu) waliingia wasichana 40 na wavulana 40. Wakati wa mtihani wako wasichana 24 na wavulana 33. Hapo ndipo penye swali. Wale 16 wako wapi? Wameolewa? Wako Ukunda kazi za nyumbani? Wanachota maji kwa sababu silanga limekauka? Kila jibu lina dawa yake. Msichana aliyejifungua, kwa mfano, anaruhusiwa kurudi shuleni. Mwongozo wa serikali wa 2020 unasema hivyo, na wazazi wengi bado hawajui.

Hesabu hii ni pesa pia. Mwaka 2018 serikali iliweka Sh 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Pesa hizo huchelewa, hilo twalijua sote, lakini zinafuata kichwa. Tangu mfumo wa NEMIS ulipoanza, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa amekuwa akipata taabu kuandikishwa. Kumi wakikosa kuhesabiwa, hizo ni Sh 222,440, na pengo hilo huzibwa na mzazi anayeuza mbuzi.

Kwa hiyo kikundi kinaweza kuanza na vyeti. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi sita tangu kuzaliwa. Ikipita hapo ni kuandikisha kwa kuchelewa, na karatasi zinaongezeka. Wale waliozaliwa nyumbani, mkunga na jirani wangalipo kuthibitisha, nendeni kwa naibu wa chifu sasa, msingoje mtoto afike Gredi ya 9. Kina mama wa kikundi kimoja waliweka nauli ya Kwale kwenye sanduku lao la akiba, wakawa wanatuma mtu mmoja na fomu za watoto wote.