Mchicha hauna kesi, kesi iko kwenye nazi

ULIZA nyumba yoyote Kinjumbi, "Leo mboga nini?" Unaweza kujibiwa kisamvu, unaweza kujibiwa mbaazi, na siku mambo yakiwa mazuri unajibiwa pweza au kuku. Zote hizo ni mboga. Kwa Kiswahili cha Kilwa, na cha pwani nzima, chochote kinachoshushia ugali au wali ni mboga.

Hapo ndipo wapenda soka wengi wanapopotezana na simu zao. Mtu anapakua programu ya kuhesabu kalori, anakutana na ushauri unaozunguka sana mtandaoni: mboga usihangaike kuzihesabu, hazina kitu. Basi anajipakulia bakuli mbili za kisamvu, anaandika sifuri, halafu mwisho wa mwezi anashangaa jezi inambana tumboni.

Swali la kama mboga zihesabiwe au ziachwe linaonekana la watu wa gym za Masaki. Si kweli. Winga aliyerudi kutoka mapumziko ya msimu na kilo tano za ziada analo. Shabiki wa miaka 40 anayecheza na maveterani kila Jumapili, anayehema dakika ya 15 kama amepanda milima ya Matumbi na gunia kichwani, naye analo. Na kijana aliyeshinda shambani anavuna ufuta, akaingia uwanjani saa 10 jioni akiwa na mlo mmoja tumboni, analo pia. Lake tu ndilo limegeuzwa kichwa chini, na tutafika huko.

SIFURI ILIPOTOKA

Ushauri wa sifuri hauna uongo kule ulikotoka. Gramu 100 za nyanya mbichi zina kalori 18 hivi. Mchicha mbichi una 23, kabichi 25, bamia 33. Sahani nzima ya saladi isiyotiwa mafuta inaweza isifike hata kalori 100. Ndiyo maana Weight Watchers, kampuni ya Marekani yenye mpango wa kupunguza uzito kwa pointi, imezipa mboga nyingi zisizo na wanga pointi sifuri. Wakubali tu, nani aliwahi kuota kitambi kwa matango?

Kwenye soka, jina linalotajwa sana ni Arsene Wenger. Alipotua Arsenal mwaka 1996 akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japan, aligeuza meza ya chakula ya wachezaji. Samaki, kuku, tambi na mboga za kuchemsha vikachukua nafasi. Neno la kushika hapo ni moja: kuchemsha. Mboga ya Wenger ilitoka kwenye maji na chumvi ikaenda mezani.

Ya Kinjumbi haiendi hivyo.

KINU, MBUZI NA CHUNGU

Kisamvu kinachumwa majani machanga, kinatwangwa kwenye kinu mpaka kinalainika, kisha kinachemshwa muda mrefu. Kazi hiyo si ya ladha tu. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na kutwanga pamoja na kuchemsha ndiko kunakoipunguza, kwa hiyo asitokee mjanja wa kukigeuza saladi. Mpaka hapo kalori bado ni chache. Halafu zinaingia karanga zilizotwangwa. Halafu nazi inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa, na tui la kwanza linamalizia kazi.

Tufanye hesabu ya bakuli moja, kwa mchicha, ambao takwimu zake hazina ubishi. Gramu 200 za majani ni kalori 46. Tui zito, gramu 100, ni kama 230. Karanga gramu 30, yaani kiganja kimoja, ni kama 170. Jumla inakaribia 450, na majani yenyewe yamechangia moja ya kumi tu.

Kwa kulinganisha, gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Kwa maneno mengine, bakuli ya "mboga" imeupita unga huo wa ugali, na kwenye simu imeandikwa sifuri.

Mtu wa mpira anaweza kuiona kwa miguu. Kanuni ya haraka ya kukimbia ni kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kiungo wa kilo 65 anahitaji karibu kilomita saba kuimaliza bakuli hiyo. Kiungo wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi nzima, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mechi imekwenda kulipa deni la kitu ambacho hakikuhesabiwa.

Anayekaanga naye asicheke. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Kabichi lililokaangwa kwa vijiko vitatu, vile vya kumimina bila kutazama, limebeba kalori 360 za mafuta kabla hujahesabu jani lolote. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, wakati ya wanga au protini inatoa 4. Hesabu hizo zinatokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na pakiti nyingi za dukani bado zinazitumia.

HESABU YA CHUNGU

Sasa mtu afanyeje? Kupima majani kwa mzani wa jikoni ni kujitesa bure. Majani yaache. Hesabu kilichoongezwa: nazi ngapi, karanga kiasi gani, vijiko vingapi vya mafuta, halafu gawanya kwa idadi ya walaji. Nazi moja kwa watu sita na nazi mbili kwa watu wanne ni vyakula viwili tofauti, hata kama chungu ni kile kile na mpishi ni yule yule. Tui jepesi la mkamuo wa pili lina mafuta machache kuliko la kwanza. Anayetaka kupungua aombe apikiwe kwa hilo, ila aombe kwa adabu, maana kuingilia chungu cha mtu ni kesi nyingine kabisa.

Programu nyingi za simu zimetengenezwa nje na hazijui kisamvu. Ukiandika mchicha zinakupeleka kwenye spinachi. Dawa ipo nyumbani. Mwaka 2008 lilitoka jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard ya Marekani. Humo kuna mchicha, kisamvu na matembele kama vinavyoliwa hapa. Ni ajabu kwamba klabu zinajua kumlipa mtu wa kupiga video za mazoezi, lakini jedwali hilo ni nadra kulisikia likitajwa.

Kuna mtego mwingine wa lugha. Wazungu wanaposema mboga, wakati mwingine wanaingiza na viazi. Muhogo mbichi una kalori kama 160 kwa gramu 100, viazi vitamu 86, mbaazi zilizochemshwa 120 hivi. Hivyo vinahesabiwa, hakuna mjadala. Mbaazi za nazi ndiyo kabisa.

ASIYETAKIWA KUPUNGUA

Tumrudie kijana wa ufuta. Watafiti wa Liverpool waliwahi kuwapima wachezaji sita wa Ligi Kuu England kwa siku saba zenye mechi mbili, wakakuta wanatumia wastani wa kalori zaidi ya 3,500 kwa siku. Hao wanalala mchana na wana mpishi. Kijana wa Kinjumbi anainama shambani tangu asubuhi, halafu anakimbia jioni.

Kumwambia huyu ajaze tumbo kwa mboga za kuchemsha kwa sababu "ndivyo maprofesheno wanavyokula" ni kumharibia. Majani yana maji mengi na nyuzinyuzi nyingi, yanashibisha mapema, na nafasi ya wanga inakwisha. Mchezaji anayekula pungufu ya anachotumia anapoteza kasi, anaumia mara kwa mara na anachelewa kupona. Kwake tui la kwanza si adui. Lile lile linalomharibia veterani ndilo linalomfaa yeye, na vijana wengi wa vipaji kutoka kusini hawakuwahi kukosa mazoezi, walikosa sahani ya pili.

Ila saa ina maana yake. Kama mechi ni saa 10 jioni, mlo mkubwa uwe kati ya saa 6 na saa 7 mchana, wali au ugali ndio uwe mwingi, mboga kidogo. Kisamvu kizito cha nazi kwenye mlo huo ni kujitafutia kichomi, kwa sababu mafuta na nyuzinyuzi vinakaa tumboni muda mrefu. Kiwekwe usiku, baada ya mechi.

Na usiku huo huo pana jambo ambalo hesabu ya kalori hailioni. Majani ya kijani yana madini ya chuma, yanayosaidia damu kubeba hewa, lakini mwili huyachukua kwa shida. Limau likikamuliwa juu yake, au chungwa likiliwa papo hapo, yanachukuliwa vizuri zaidi. Chai ya rangi inayonywewa mara tu baada ya kula inafanya kinyume, inayazuia. Ipishe saa moja hivi, ndipo inywewe.