Je, Wajua? Gripe ikimkuta mwenye sukari, Masisi hadi Walikale

Je, wajua kwamba gripe hupandisha sukari hata kwa mtu ambaye hajatia kitu kinywani? Mwili ukipambana na virusi humwaga homoni kama kotisoli na adrenalini, nazo hulisukuma ini litoe glukosi. Kwa hiyo anayejidunga insulini haiachi eti kwa sababu bugali imemshinda. Muuguzi anaweza kurekebisha dozi; kuiacha kabisa ni hatari. Metformini ni habari nyingine: ukitapika au kuharisha, uliza kwanza, maana mara nyingi husimamishwa kwa muda.

Je, wajua kwamba insulini huweza kukaa bila friji? Madaktari Wasio na Mipaka, ambao wako hospitali ya Masisi tangu 2007, waliichunguza na Chuo Kikuu cha Geneva kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley, Kenya. Matokeo ya 2021: joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, dawa ilibaki na nguvu kwa wiki 4. Kwa mama anayekimbia risasi akiwa na kichupa ndani ya kitenge, utafiti gani mwingine una faida kama huo? Chungu chenye maji husaidia pia, ila Walikale hewa ya msitu ina unyevu mwingi, maji hukauka polepole na ubaridi hupungua. Weka chungu kivulini, penye upepo.

Je, wajua kwamba dawa nyingi za kikohozi za maji zimejaa sukari? Deksametazoni, ambayo wengine hupewa ovyo “ili wapate nguvu”, huipandisha zaidi sukari ya damu.

Si kila homa ni malaria, wala malaria haizuii gripe kuingia. Huko Panzi, Kwango, mwishoni mwa 2024, “ugonjwa usiojulikana” uligeuka kuwa malaria na virusi vya njia ya hewa katika miili yenye utapiamlo. Kwa hiyo mwenye sukari akipata homa, apime vyote viwili: malaria na sukari.

Chanjo ya gripe hupendekezwa kila mwaka kwa wenye sukari, lakini haimo katika chanjo za kawaida za Kongo. Basi anayekohoa asilale ubavuni mwa bibi mwenye sukari, hata kibanda kikiwa kidogo.

Kutapika, kupumua kwa kina na kwa haraka, pumzi yenye harufu ya matunda: hospitali, siku hiyohiyo.