Hati ya Bima ni Haki ya Aliyegongwa

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Lori la bia litokalo kiwandani, pikipiki inayombeba mchuuzi wa nyanya katika soko la Mbugangari, na gari la mfanyabiashara liendalo mpakani, vyote hutumia barabara moja na watoto wa shule. Askari anapomsimamisha dereva na kumtaka aonyeshe hati ya bima, hakagui karatasi tu. Anamtetea mtu ambaye bado hajagongwa: akiumia leo, ni nani atakayemlipia matibabu na fidia?

Mji wa Gisenyi umezoea viwanda na biashara tangu zamani. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa mwaka 1957, na mwaka 1963 gesi ya methani ya Ziwa Kivu ikaanza kutumiwa humo. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida hakuwa na mkataba wowote wa bima. Kinga yake ilikuwa jirani. Vijijini watu waliungana katika vikundi vya ingobyi, yaani machela. Walichanga fedha na kupokezana mabegani kumfikisha mgonjwa hospitali. Moyo wa bima ni huo huo: wengi huchanga kidogo kidogo ili msiba usimwangushe mmoja.

Mwaka 1975 iliundwa SONARWA, kampuni ya bima ya Rwanda, na mwaka 1984 ikafuata SORAS. Ng'ambo ya pili ya mpaka, mjini Goma, bima ilikuwa mikononi mwa SONAS, shirika la dola lililoundwa mwaka 1966, ambalo halikuwa na mshindani kisheria hadi Kongo ilipotunga sheria mpya mwaka 2015. Basi miji miwili inayogusana ilikuwa na taratibu mbili za bima, na hati iliyotolewa upande mmoja haikutosha kumlinda aliyegongwa upande wa pili.

Dawa ya tatizo hilo ni kadi ya njano, iliyoafikiwa mwaka 1986 na nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambazo jumuiya yao leo huitwa COMESA. Dereva huichukua kwa kampuni yake ya bima kabla ya safari. Akisababisha ajali katika nchi nyingine mwanachama, ofisi ya mpango huo katika nchi hiyo hushughulikia madai ya aliyeumizwa kwa kufuata sheria za hapo, kisha hudai fedha zake kwa kampuni iliyotoa kadi. Aliyeumia halazimiki kumfuata dereva nchini kwake.

Je, dereva akikimbia, au akiwa hana bima kabisa? Rwanda inao Mfuko Maalumu wa Dhamana, ambao sheria yake ya mwaka 2011 inahusu madhara ya magari na hata ya wanyama. Lakini Mfuko hauwezi kulipa kwa masimulizi ya njiani. Unahitaji taarifa ya polisi yenye saa, mahali, majina ya mashahidi na namba ya gari, ikiwa ilionekana. Taarifa iliyoandikwa kwa uvivu yaweza kumnyima mjane haki yake.

Sisi wanajeshi tunaijua vyema thamani ya jambo hili, kwani tangu sheria ya mwaka 2005 tunayo bima yetu ya matibabu, MMI. Askari augue, au mkewe au mtoto wake, hapigi hodi kwa jamaa kuomba nauli ya uhai.

Kwa hiyo, askari mwenzangu uliye kizuizini, ukipokea kitu kidogo na kumwachia dereva asiye na bima, hukumsamehe faini yeye peke yake. Umeuza fidia ya mtu usiyemjua, na huenda mtu huyo akawa mwanao.