MUNU, MUNDU, MTU: NANI KAHARIBU NENO?

Kaa kijiweni Chikongola, hapa Mtwara mjini, halafu tega sikio. Mmakonde akiongea cha kwao utamsikia akisema munu. Myao atasema mundu. Mmakua, mutthu. Wewe uliyemaliza fomu foo unasema mtu, kisha unawacheka wenzio eti washamba, wanaharibu Kiswahili. Pole sana, mshikaji! Hakuna aliyeharibu kitu.

Hayo ni maneno ndugu, mama yao mmoja. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Cape Town, aliona neno hilo limezagaa katika lugha nyingi za Afrika. Katika kitabu chake cha 1862 akaziita lugha hizo Bantu, yaani watu, basi! Mwaka 1899 Mjerumani mwenzake, Carl Meinhof, akatoa kitabu cha kutafuta sauti za lugha mama yenyewe.

Mama huyo hakuacha barua wala kaseti. Wataalamu wanasema alianzia kule mpakani mwa Nigeria na Kameruni za leo, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Sasa wanajuaje alivyotamka? Wanawalinganisha watoto wake. Wazulu wana umuntu, Waganda omuntu, Wasukuma munhu. Jibu linalopatikana ni muntu, na mbele yake wanaweka kinyota. Maana yake neno limeundwa upya, hakuna aliyelikuta limeandikwa.

Usidhani wanabuni tu. Sauti hubadilika kwa mpango. Kiyao kiligeuza nt ikawa nd, tukapata mundu. Vilevile nk ikawa ng, ndiyo maana kuku kwao ni nguku. Kiswahili kikaitupa n: mtu, kuku. Kimakonde kikafanya kinyume, kikashika n na kuitupa t: munu. Umeona? Aliyepoteza n ni wewe unayecheka!

Hata Wazungu wana mambo hayo hayo. Baba kwa Kilatini ni pater, kwa Kisanskriti cha India ni pitar, kwa Kiingereza father. Nao wana lugha mama isiyoandikwa, na maneno yake yana vinyota vilevile.

Basi, bibi yako akisema munu mbele ya washkaji, usijifanye humjui. Kaa naye, muulize na mengine, uyaandike kwenye daftari. Yule mama wa lugha zetu hakuandikwa na mtu, ndiyo maana leo tunamtafuta kwa kinyota.