Mbwa Asiyeshikika Hachanjwi

Siku ya chanjo ya mbwa inapofika katika vijiji vya Muheza, Pangani au Mkinga, kuchoma sindano ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kazi nzito ni kumfikisha mbwa mahali pale na kumtuliza kwa nusu dakika. Mbwa wengi wana mwenyewe, ila hawajazoea kufungwa kamba wala kushikwa; hulinda ua usiku na kufukuza ngedere shambani mchana. Mbwa wa namna hiyo akiona watu wamekusanyika chini ya mwembe hutoweka vichakani, akarejea jioni bila chanjo.

Hasara yake ni kubwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila anayeugua. Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukose njia. Ng'ambo ya bahari, kisiwani Pemba, uchanjaji wa mbwa uliuzima ugonjwa huo mwaka 2014. Ukaingia upya kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, na chanjo zikauzima tena mwaka 2018.

Kumfunza mbwa amri chache, basi, ni sehemu ya kinga. Maneno manne yanatosha: njoo, keti, tulia, acha. Kila neno libaki lile lile kwa watu wote wa nyumbani. Baba akisema "keti" na watoto wakisema "kaa chini", mbwa husikia amri mbili. Mfunzaji hushika dagaa karibu na pua ya mbwa, kisha humpandisha polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kinapofuata juu, makalio hushuka yenyewe. Papo hapo dagaa hutolewa; malipo yakichelewa hata sekunde chache, mbwa hudhani amelipwa kwa jambo jingine. Dakika tano asubuhi na tano jioni, kabla hajala, zafaa kuliko saa nzima ya kelele.

Neno "njoo" lina mwiko wake: mbwa asiitwe kwa neno hilo ili apigwe. Mbwa wa mitaani anaelewa ishara moja kwa ufasaha kuliko zote, nayo ni mtu anayeinama. Kabla jiwe halijaokotwa, yeye amekwisha kupiga kona. Kwa hiyo mfunzaji huchuchumaa mapema, akakaa upande, na kumwacha mbwa amsogelee mwenyewe.

Wapo wasiopenda kumgusa mbwa, na sababu yao inaheshimika. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo mbwa wa ulinzi na wa kuwinda wameruhusiwa, na Kurani katika sura ya Al-Maida inawataja wanyama wawindaji waliofunzwa. Amri zenyewe hazihitaji mguso: sauti, chakula kinachotupwa chini, na kamba ndefu vyatosha.

Mhudumu wa afya ana jambo la kufafanua hapa. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Udongo usiguse nyama iliyo wazi. Suala la twahara lizungumzwe na shehe baadaye.

Mafunzo yana faida nyingine isiyosemwa sana. Anayemwita mbwa wake kila siku hutambua upesi anapobadilika: mpole anapokuwa mkali bila sababu, sauti inapokwaruza, mate yanapomchuruzika, au neno alilolizoea linapomwacha ametumbua macho. Huyo hafunzwi wala hakaripiwi. Watoto waondolewe, na afisa mifugo aitwe.

Neno "tulia" huanzwa mbwa akiwa mdogo. Anayeweza kumgusa humwekea mkono begani, kisha hufinya kidogo ngozi ya shingo, mahali ambapo sindano huingia, na kumpa dagaa. Siku ya chanjo mwenyewe asimame upande wa kichwa akitamka neno hilo hilo, na dagaa wa mwisho atolewe sindano ikishatoka, kabla kamba haijalegezwa, ili mwakani mbwa akubali tena kwenda chini ya mwembe.