Moshi wa Murara

Wadogo zangu, sikieni kisa cha mlima ambao haukulipuka.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilipasuka. Lava ikashuka hadi Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma, ikakomea hapo. Siku zilizofuata ardhi haikutulia, matetemeko usiku na mchana. Alhamisi, tarehe 27, mitaa mingi ya Goma ikaamriwa kuhama. Mamia ya maelfu wakashika njia, wengine Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda, magodoro kichwani.

Basi Jumamosi ya tarehe 29, Wizara ya Mawasiliano ya Kongo ikatangaza kwenye Twitter kwamba volkano nyingine, Murara, imelipuka ndani ya hifadhi ya Virunga. Hebu mfikirieni mama aliyelala nje na watoto kule Sake, anasikia mlima wa pili umewaka! Ndege ikapita juu ya eneo lile kuangalia. Lava hakuna. Ulikuwa moshi wa wachoma makaa.

Mmeshaona makaa yanavyochomwa? Magogo hupangwa, yakafunikwa majani na udongo, moto ukawashwa ndani, na moshi hutoka polepole siku baada ya siku. Kwa mbali, machoni mwa mtu aliyeshinda wiki nzima akiogopa milima, moshi ule ni volkano. Hofu humalizia kile ambacho macho hayakukiona. Siku ile ile serikali ikatamka kwamba hakuna mlipuko. Naisifu kwa hilo, maana wakubwa wengi hawawezi kurudi nyuma mbele ya watu.

Ninyi ndege hamna, lakini midomo mnayo. Habari ikiingia WhatsApp, muulize aliyekutumia: umeona kwa macho yako, au na wewe umetumiwa? Akijibu ametumiwa, muulize na nani. Mara nyingi hata yeye hajui, na hapo ndipo habari inapolala, usiipeleke mbele.

Picha nazo zina ujanja wake. Tuseme unaletewa picha ya lava katikati ya mji, chini imeandikwa 2021. Muulize mzee yeyote nyumbani. Atakuambia lava iliyokata mji hadi kuingia Ziwa Kivu ni ya Januari 2002. Ile ya 2021 haikufika huko. Picha yaweza kuwa ya kweli kabisa na maneno yake yakawa uongo. Hapa hunaswa hata watu waliosoma sana.

Ila msije mkawa watu wa kukataa kila jambo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hukimbia kama maji. Mwaka 1977 iliwakuta watu kabla hawajatoroka. Amri ya tarehe 27 ilitoka kwa gavana wa kijeshi, Constant Ndima, ikataja mitaa ya kuhama na njia ya kufuata kwenda Sake. Tangazo la namna hiyo hujibiwa kwa miguu. Na mkiondoka, mpitieni nyanya wa jirani asiye na simu.