Gesi ya Baridi: Ijue Kabla Hujafungua Bomba



Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa karibu 200 yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za kupozea zinazoongeza joto la dunia. Marekebisho hayo ya Mkataba wa Montreal wa 1987 yanaitwa kwa jina la mji wetu, na sisi tunaokaa Batsinda tunajivunia. Lakini anayefungua bomba kiwandani si mjumbe wa mkutano. Ni fundi, pamoja na msaidizi wake anayeshika ngazi. Basi tuzungumze juu ya usalama wao.

Gesi hizi si za namna moja. R-22, ile ya zamani, ina klorini. Huharibu ozoni, kwa hiyo inaondolewa. R-410A haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia mara 2,000 hivi kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Presha yake pia ni kubwa: geji na mipira ya R-22 haiiwezi. R-32 huweza kushika moto. R-290, yaani propani, huwaka upesi sana. Amonia, inayotumika katika viwanda vya barafu na maghala makubwa ya baridi, hudhuru macho na mapafu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mtambo huu una gesi gani? Soma kibao chake. Usichanganye gesi, wala usitie propani katika mtambo uliotengenezwa kwa R-22.

Nyingi za gesi hizi ni nzito kuliko hewa na harufu yake haisikiki vizuri. Zikivuja katika chumba kidogo au shimo, hufukuza hewa tunayovuta, na mtu huanguka bila onyo. Fungua milango kwanza. Mwenzako akianguka, usimfuate ndani bila kifaa cha kupumulia. Mtakuwa maiti wawili. Gesi iliyo majimaji huunguza ngozi kwa baridi: vaa glavu na miwani. Usichomelee bomba lenye gesi, kwani moto huigeuza sumu. Usipime uvujaji kwa oksijeni. Ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Tumia nitrojeni kavu yenye kidhibiti cha presha. Gesi ya zamani usiiachie hewani. Ivutwe kwa mashine irudi mtungini, na mtungi usijazwe kupita asilimia 80.

Tunajua msimamizi atasema, "Haraka, kazi imesimama!" Tumjibu kwa adabu na kwa pamoja: glavu, nitrojeni na mashine ya kuvutia gesi si zawadi, ni vyombo vya kazi, na ni wajibu wa mwajiri kuvitoa. Kila kamati ya wafanyakazi iliulize jambo hili katika mkutano ujao. Kompresa ikifa hununuliwa nyingine. Pafu halina spea.